Katibu Muhtasi Asiyetajwa: Kupanga Ratiba Nyuma ya Akili Mnemba



Nimeombwa nizungumzie mustakabali wa fani yetu ya uhazili. Nitashika sehemu yake moja tu, kwa kuwa ndiyo inayobadilika kwa kasi na ndiyo wahitimu wetu wanayoiulizia: kupanga miadi ya watu wengine ukiwa nyumbani kwako, kwa ujira, chini ya jina la mtambo. Waajiri wanaiita kazi ya msaidizi wa ratiba wa mbali. Mimi nasema ni uhazili, na hoja yangu yote jioni hii ni kwamba ilipwe, isimamiwe na itajwe kama uhazili.

Ilianza hivi. Mwaka 2014 Dennis Mortensen, mfanyabiashara wa Kidenmaki aliyekuwa New York, alianzisha na wenzake kampuni ya x.ai. Amesimulia kwamba alihesabu vikao alivyopanga mwaka 2012 akakuta 1,019, na kwamba mara 672 ilibidi kuhamisha tarehe. Yeyote aliyewahi kushika shajara ya mkuu wa idara ataziamini hesabu hizo. Kampuni yake ikamuunda msaidizi wa barua pepe, ikampa jina la Amy Ingram. Mteja akiandikiana na mtu juu ya kukutana, alimweka Amy kwenye nakala, kisha akaendelea na shughuli zake. Amy alimwandikia yule wa pili, akapendekeza nafasi kadhaa, akapokea jibu, akaandika miadi kwenye kalenda. San Francisco nako, Clara Labs ilikuwa na msaidizi wake aitwaye Clara, kazi ileile. Agosti 2015 Facebook ikaleta M ndani ya Messenger kwa watumiaji wachache wa California, nayo ikapokea karibu ombi lolote, tangu kununua maua hadi kutafuta meza ya chakula cha jioni.

Nyuma ya majina hayo yote walikuwapo watu. Facebook ilisema tangu mwanzo kwamba M inafunzwa na kusimamiwa na binadamu. Clara Labs ilitumia wasaidizi wa mkataba waliofanya kazi majumbani kwao. Aprili 2016 mwandishi Ellen Huet alichapisha taarifa katika Bloomberg iliyoonyesha vijana wasomi wakikaa zamu ndefu mbele ya kompyuta, wakisoma barua za watu, wakikolezea rangi maneno yenye tarehe na saa, wakithibitisha au kusahihisha kile ambacho mtambo umekisia. Mpokeaji wa barua aliona jina la Amy au Clara, na kwa adabu na uangalifu aliouona humo alimshukuru Amy au Clara.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe, maana hapo ndipo wengi hudhani hakuna la kusema. Watu huona kupanga miadi ni jambo la kulinganisha kalenda mbili na kutafuta nafasi iliyo wazi kote. Ingekuwa hivyo, programu ingeimaliza kazi hii zamani. Kanuni za kompyuta kupeana habari za kalenda zilichapishwa tangu 1998.

Mwaka 2017 watafiti wa Microsoft, akiwamo Justin Cranshaw, walieleza mfumo wao uitwao Calendar.help, na nawashukuru kwa kuueleza bila kuficha. Barua ikiingia inapita ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni programu peke yake: ombi likiwa jepesi, linakwisha humo. Likiishinda programu, linakatwa vipande vidogo. Mtu mmoja anaulizwa tu kama barua hii ni ombi jipya au inahusu kikao kilichokwisha pangwa. Mwingine anaulizwa kikao kitachukua muda gani. Mwingine anatafuta majina ya wanaoalikwa. Ngazi ya tatu ni pale vipande navyo vinaposhindwa. Hapo barua nzima inakabidhiwa kwa mtu mmoja aisome, aipime, aimalize mwenyewe. Ukitaka kuuona uhazili ulivyo, nenda kautazame kwenye ngazi hiyo ya tatu.

Kinafika nini huko? Mtu ameandika kwamba itapendeza siku moja wapate kahawa pamoja. Anaomba miadi, au anaaga kwa heshima? Mwingine ameandika "Jumatano ijayo", na leo ni Jumatatu; je, ni keshokutwa au ni ya wiki inayofuata? Wa tatu anasema ana nafasi Alhamisi mchana, lakini anwani iliyo chini ya barua yake ni ya London, na katika barua ya juzi ametaja safari ya Boston siku ya Jumatano. Mchana wa wapi? Wa nne amehamisha kikao kwa mara ya tatu, na katibu mzoefu anatambua kuwa hataki kikao, anatafuta njia ya kutoka bila kumvunjia mwenzake heshima. Katika kila moja ya hali hizo lipo swali la kuuliza, lipo la kunyamazia, na lipo la kuamua mwenyewe ukajibebea lawama. Ukiuliza kila kitu, mkuu wako atajiuliza alikuajiria nini. Ukiamua kila kitu, ipo siku utamweka mtu uwanja wa ndege peke yake.

Kisha kuna saa. Sisi Afrika Mashariki hatusogezi saa zetu mwaka mzima. Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na Umoja wa Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa nane majira ya baridi na saba majira ya joto, na London kwa saa tatu au mbili. Lakini kila Machi zipo wiki mbili au tatu ambapo Marekani imekwisha sogeza na Ulaya bado, na msaidizi aliyekariri kwamba London na New York zimeachana kwa saa tano anakosea kila miadi, kwa kuwa siku hizo zimeachana kwa saa nne. Programu inayajua haya vizuri kuliko sisi, tena bila kuchoka, na hapo nampa haki yake aliyeiunda. Isichokijua ni mwandishi wa barua alikuwa akifikiria saa ya nani.

Siku za kazi nazo zinatofautiana. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu zilikuwa hivyo hadi Januari 2022, zilipohamia Jumamosi na Jumapili na kuifanya Ijumaa nusu siku kwa ofisi za serikali. Mtu wa Muscat na mwenzake wa Dubai, walio majirani kiasi hicho, leo wamebaki na siku nne kamili za kukutana kazini.

Na kwetu wenyewe? Mtu wa Tanga akikwambia mkutane kesho saa nne asubuhi, programu ikichukua tarakimu peke yake bila hesabu yetu ya mapambazuko, itamwamsha mgeni saa kumi za alfajiri. Katika mwambao wetu, mzee anaposema usiku wa Ijumaa huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauandika Alhamisi. Kuna pia swali la nani amfuate nani. Mdogo humfuata mkubwa, mwenye shida humfuata mwenye nafasi, na aliyefiwa hafuatwi kwa mambo ya biashara mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna anayeyaandika hayo kwenye barua pepe. Msaidizi aliyekulia hapa anayajua kabla ya kuyafikiria, na ujuzi huo unauzwa leo kwa bei ya kubofya kitufe.

Hapo ndipo kwenye kiini cha neno langu, naomba mnivumilie nikae hapo kidogo.

Ujira wa kazi hizi aghalabu huwa wa kipande au wa saa za kompyuta zinazopimwa na programu. Tuchukue kipande. Siku mfumo unapoanza, barua nyingi zinazomfikia mtu ni nyepesi: "Jumanne saa nane inafaa." Anazimaliza haraka, na bei ya kipande inapangwa kwa kasi hiyo. Kila anaposahihisha, sahihisho lake linahifadhiwa na mtambo unajifunza. Baada ya muda barua nyepesi hazimfikii tena. Zinaishia ngazi ya kwanza. Zinazomfikia ni za mfiwa, za aliyekasirika, za watu watano katika mabara matatu. Kila kipande sasa kinataka akili na muda maradufu, nayo bei ni ileile iliyopangwa wakati wa wepesi. Mfanyakazi amekuwa hodari zaidi, amemfunza mwenzake wa chuma, na kwa uhodari huo kipato chake cha saa kimeshuka. Simtuhumu mtu fulani kwa hila; ndivyo hesabu ya kipande inavyofanya kazi mahali ambapo mtambo unajifunza, na mkataba usipoikataza itaendelea hivyo hata kama mwajiri ni mtu mwema.

Kusubiri nako. Katibu muhtasi wa ofisini hulipwa hata simu isipolia, kwa sababu uwepo wake ndio huduma. Msaidizi wa mbali wa kipande anakaa macho akingoja barua iingie, na dakika hizo hazihesabiwi. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayehudumia wateja wa New York majira ya baridi, saa za ofisi za huko zinaanza kwake saa kumi na moja jioni na kwisha saa saba usiku. Akihudumia California, anaanza saa mbili usiku na kumaliza saa kumi alfajiri. Umeme wa Luku ni wake, bando ni lake, kompyuta ni yake, na umeme ukikatika hasara ni yake. Mchana akilala, jirani anaona mvivu. Akiwa kazini, mama mkwe anaona binti aliyekaa tu na kompyuta na anamtuma dukani. Wasichana wetu wengi wanaipenda kazi hii hasa kwa sababu inawawezesha kuwa karibu na watoto, na siwezi kuidharau sababu hiyo. Nauli na saa mbili za foleni si kitu kidogo. Lakini nyumba isiyo na mlango wa kufunga si ofisi, na mwajiri aliyeokoa kodi ya pango anapaswa kurudisha sehemu ya alichookoa.

Dunia ililiona tatizo la kazi za nyumbani kabla ya akili mnemba. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 177 kuhusu kazi zinazofanywa nyumbani, likiwafikiria zaidi wanawake wanaoshona nguo na kusuka kwa ujira wa kipande. Mkataba huo unataka mfanyakazi wa nyumbani atendewe sawa na wengine wenye ajira katika ujira, haki ya kujiunga na chama, hifadhi ya jamii, mafunzo na uzazi. Nchi zilizouridhia hadi leo ni chache. Juni 2025, Geneva, shirika hilohilo liliafiki kutunga viwango vya kimataifa kwa kazi zinazopitia majukwaa ya mtandaoni. Serikali zetu zimo katika mijadala hiyo, na wajumbe wake wanahitaji kusikia kutoka kwetu kazi hii inafanywaje saa saba usiku.

Sasa jambo la kufichwa. Tangu Julai 2019 California ina sheria inayokataza kutumia programu ijifanye mtu kwa nia ya kumpotosha mnunuzi au mpiga kura. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 nayo inataka mtu ajulishwe anapozungumza na mtambo. Nazikubali zote mbili. Lakini upande wa pili wa jambo hilihili, mtu anayefanya kazi kwa jina la mtambo, sheria hizo zimeuacha, na hapo wanaoumia ni wawili.

Wa kwanza ni mwenye barua. Anapoandika kwamba Ijumaa hawezi kwa kuwa anampeleka mkewe kwenye matibabu ya saratani, anadhani anaiambia kompyuta. Kumbe binti mmoja, nyumbani kwake, ameisoma barua hiyo. Katibu muhtasi wa serikali hula kiapo cha kutunza siri kabla ya kufungua jalada la kwanza. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022. Kufuata sheria hizi kunaanza na kumwambia mtu nani ataisoma habari yake.

Wa pili ni yule binti. Asiyejulikana kuwa yupo hawezi kusifiwa, hawezi kupendekezwa kwa mwajiri mwingine, hawezi kuonyesha alichofanya miaka mitatu. Barua zake nzuri zimetiwa saini na Clara. Na bei ya kazi yake inapangwa na soko linaloamini kuwa hakuna mtu humo, na kwamba mtambo haulali, haufiwi wala hauendi likizo. Januari 2023 gazeti la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walioainisha maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kazi yao ilikuwa tofauti na nzito kuliko kupanga miadi, ila kufichwa kwao ni kulekule: mamilioni wakitumia mtambo na kustaajabia adabu yake, bila kujua adabu hiyo imepitia kwa nani. Mei 2023 wafanyakazi wa aina hiyo, zaidi ya 150, walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama. Nawataja kwa heshima. Walitoka wakaonekana.

Mtaniuliza: mwalimu, kazi hii itakuwapo? M ilifungwa Januari 2018, na iliripotiwa kuwa sehemu kubwa ya maombi yake iliendelea kufanywa na watu. x.ai ilinunuliwa na kampuni nyingine mwaka 2021 na huduma yake ya kupanga vikao ikazimwa. Tangu mwishoni mwa 2022 mitambo ya lugha imeanza kusoma na kuandika barua kwa ufasaha ambao Amy hakuwa nao, na ngazi ya kwanza imepanuka sana. Naona nafasi za kubofya vipande zitapungua, na sitamshauri mwanafunzi ajenge maisha juu yake. Ngazi ya tatu itabaki na watu wachache zaidi, wenye dhamana kubwa zaidi, maana mtambo unaoandika kwa ufasaha hukosea kwa ufasaha pia, na miadi iliyothibitishwa vizuri kwa siku isiyo sahihi ni mbaya kuliko isiyothibitishwa. Anayesimama hapo kuzuia kosa kabla halijatoka ni mtaalamu. Tuanze kumwita hivyo.

Kwa hiyo kwa mwanafunzi anayepewa mkataba wa kazi hii, haya ndiyo ya kudai kabla ya kutia saini. Ujira uhesabiwe kwa saa za zamu, kusubiri kukiwamo. Kama lazima uwe wa kipande, bei ipitiwe upya kila kazi inapobadilika ugumu. Gharama ya umeme na bando iandikwe ni ya nani. Zamu ya usiku iwe na nyongeza yake. Masahihisho yanayofunza mtambo yatajwe kwenye mkataba kuwa ni kazi ya ufundishaji, yenye malipo yake, kwa sababu thamani yake hudumu baada ya mfanyakazi kuondoka. Mpokeaji wa barua aambiwe, kwa mstari mmoja chini ya saini, kuwa barua husomwa pia na watu. Na mfanyakazi apewe hati ya utumishi yenye jina lake na alichokifanya. Mwajiri mwenye nia njema hakuna hata moja kati ya hayo litakalomfilisi.

Kwa walimu wenzangu, naomba mitaala yetu iingize somo la majira ya dunia, pamoja na mazoezi ya zile wiki za Machi, na somo la kusoma mkataba wa kazi ya mbali kifungu kwa kifungu. Tunafundisha hati mkato bado, na sina ugomvi nayo, lakini saa zake mbili za wiki zingetosha kuanzia.

Kwa viongozi wa chama cha makatibu muhtasi mlio hapa: fomu yenu ya uanachama inauliza jina la ofisi na muhuri wa mwajiri. Binti anayefanya kazi chumbani kwake Mbagala kwa kampuni ya ng'ambo hana muhuri wa kubandika. Ibadilisheni fomu hiyo kabla ya mkutano mkuu ujao, aandike aina ya kazi yake na apokelewe. Rasimu ya marekebisho ninayo hapa mkononi, na nitamkabidhi katibu wenu tukitoka.